Tafsiri ya Wimbo wa Saa Moja na Nusu

Nianze na ujinga wangu, ili msomaji asipoteze muda kunitafutia sifa. Mwaka ule nikiwa kidato cha pili nilitafsiri wimbo wa tamthilia kutoka lugha nisiyoijua hata salamu yake, nikautia Kiswahili, mbele ya sebule iliyojaa watu wazima, nikiwa na senene, panzi wetu wa kukaanga, mdomoni, na nikaaminiwa. Hakuna aliyenilazimisha. Mtu aliuliza swali ambalo halikuwa langu, nami nikalijibu, kwa sababu nikiona watu wamenyamaza wakisubiri jibu huwa siwezi kuacha nafasi ile ipite bure. Ni ugonjwa. Mama anasema nilizaliwa nao, na kwamba mkunga alishangaa kuona mtoto analia huku anatazama nani anamsikiliza.

Haya nimeyakumbuka kwa sababu ya msiba. Mwezi uliopita televisheni ya Ma Evodia, mama mwenye nyumba wetu hapa Kashai mjini Bukoba, ilikata roho. Ilikuwa chogo, ya zile ambazo mgongo wake ni mrefu kuliko uso, na kuihamisha kulihitaji vijana wawili na sala. Fundi alikuja, akaifungua nyuma, akachungulia kama daktari anayetazama koo, akatoa senene wawili wakavu na mjusi mmoja aliyekuwa bado na hamu ya kuishi, kisha akatamka maneno ambayo hata mimi sikuyacheka: hii mama, wape kuku. Na kweli sasa iko uani, imetolewa matumbo, na kuna tetea anaatamia ndani yake, anachungulia pale palipokuwa na kioo kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Nikifua nguo namtazama, naye ananitazama. Mimi sasa ni mzee. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, nina ndevu chache ninazozifahamu kwa majina, na nikimwona kuku yule nakumbuka mwaka ambao sanduku lile liliitawala Kashai nzima.

Sebule ya Ma Evodia ilikuwa na utaratibu kuliko bunge. Kiti cha karibu na tivii kilikuwa chake mwenyewe, na rimoti ilikaa kifuani mwake, mahali ambapo hakuna mpangaji angethubutu kwenda kuitafuta. Kochi refu lilikuwa la akina mama. Viti vya plastiki vilikuwa vya waume zao, ambao kila siku walisema wamekuja kusubiri taarifa ya habari, na kila siku walifika saa nzima kabla yake. Mkeka ulikuwa wa sisi ambao bado tunasoma. Hakuna aliyeingia mikono mitupu: mwenye ndizi alileta ndizi, mwenye maharage alileta maharage, na msimu wa senene ulipofika kila mtu alileta bakuli lake na kila mtu alidai wa kwake ndio waliokaangwa sawasawa. Chumba kilinuka mafuta ya taa, vitunguu na mvua. Saa moja na nusu ikigonga, Ma Evodia aliinua mkono mmoja, na hata mtoto mchanga wa chumba cha nyuma alielewa.

Tamthilia yenyewe ilikuwa na jina refu ambalo hakuna aliyelimaliza. Sisi tuliiita Amarila, kwa jina la msichana wake. Huyo Amarila alikuwa mtumishi kwenye jumba la tajiri mwenye mashamba, na mtoto aliyekuwa akilelewa mle ndani kama mtoto wa tajiri alikuwa wake yeye, amemzaa yeye, lakini ameapishwa asiseme. Kila jioni alikaribia kusema. Kila jioni mtu aliingia. Ilikuwa imetiwa sauti za Kiswahili, kwa hiyo midomo ya Amarila ilimaliza kusema kitambo, na sauti ya dada fulani wa Dar es Salaam ikawa bado iko njiani inakuja. Watu hawakukubaliana hata nchi ni ipi. Ma Evodia alisema ni Meksiko kwa sababu ya kofia. Jirani mmoja wa bodaboda alisema ni Uturuki kwa sababu ya masharubu. Wimbo peke yake ndio ulioachwa na lugha ya kwao. Uliimbwa mwanzoni, ukaimbwa tena kila Amarila alipofungiwa mlango asimwone mtoto, na mlango alifungiwa sana. Kiitikio chake kilikwenda hivi: yano mare, yano mare, halafu mwanamke anavuta pumzi kama mtu anayetoka kisimani.

Hapa niseme jambo ambalo watu wa redio hawatalipenda. Wimbo ule haukuletwa Bukoba na redio, wala na msanii aliyekuja kurukaruka jukwaani. Uliletwa na mlango uliofungwa usoni mwa mtumishi. Ungeusikia peke yake ungesema kuna mtu anaumwa jino. Lakini ukishauona ule uso, na kile kidole kinachogusa kitasa na kurudi, basi ukiusikia tena popote, hata sokoni kwenye spika ya muuza mitumba, uso unarudi. Nyimbo zetu za nyumbani zilizokuwa zikivuma mwezi uliotangulia zilikaa pembeni kama wageni waliokosa viti. Saluni ziliupiga. Simu ya mzee mmoja iliupiga kanisani katikati ya mageuzo, na waumini wakageuka si kwa hasira bali kwa huruma. Shuleni, kule Kahororo, mwalimu wetu wa Kiingereza alinaswa akiumung'unya huku akisahihisha mitihani, na ninaamini alikuwa kwenye kiitikio alipofika kwenye karatasi yangu, maana alinipa F nzito, iliyonyooka, isiyo na majuto. Mama aliitazama ripoti ile, akaikata kuwa kiolezo cha mfuko wa shati. Mama ni fundi cherehani. Kwake hakuna karatasi isiyo na kazi. Na mwaka huo huo mtoto mmoja wa Kashai alibatizwa Amarila. Padri hakuuliza. Kwetu watu wanaitwa Projestus na Paskazia na Deusdediti, sasa Amarila ana kosa gani.

Jioni ya ujinga wangu mvua ilikuwa inapiga bati, na Ma Evodia aliongeza sauti hadi spika ikaanza kukwaruza. Mlango ulifungwa, Amarila akatelezea ukutani hadi chini, wimbo ukaanza. Ma Evodia akashusha pumzi na kusema, si kwa mtu fulani, kwamba angetoa kitu akijua huyu mwanamke analia nini. Kimya. Nikasikia sauti inasema mimi najua, na ilikuwa yangu. Wakanigeukia. Mume wa mtu akauliza nimejulia wapi, nikamwambia shuleni tumeletewa programu ya kompyuta inayofundisha lugha zote za dunia. Kompyuta ya shule yetu ilikuwa moja, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, na aliyeruhusiwa kuigusa ni mkuu wa shule, na yeye aliigusa kwa kuipangusa vumbi.

Sasa mimi nilikuwa nimelelewa na kibanda cha video. Wale ma-DJ wanaoweka sauti zao juu ya filamu za kigeni, wanaomwita jambazi wa Hong Kong shemeji na kumsemesha Kiswahili cha Manzese, hao ndio waliokuwa walimu wangu wa kweli. Nikakohoa, nikaishusha sauti hadi tumboni kama wao, na nikaanza kufuata wimbo, mstari kwa mstari. Nilisema: Ee Mungu wa asubuhi, mtoto wangu yuko ng'ambo ya maji. Namwona akicheza, siwezi kumwita. Mfungulie mlango ambao mimi nimefungiwa. Sijui ilitoka wapi. Nafikiri maji niliyatoa kwenye mvua na mlango niliutoa kwenye tivii. Ulikuwa utangulizi tu. Kichekesho kilikuwa kinakuja: mstari wa nne nilishauandaa, ulihusu jogoo aliyekataa kuchinjwa Krismasi, na nilikuwa na uhakika ungeiangusha sebule nzima. Nikavuta pumzi nimtoe jogoo. Nikasikia kikohozi kidogo. Ma Evodia alikuwa analia. Wale akina mama wa kochi walikuwa wanalia. Kwenye viti vya plastiki, mtu mzima aliyekuja kusubiri taarifa ya habari alikuwa anajifuta macho kwa kofia. Nikamtazama Mama. Hakuwa analia. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama anavyofanya akisikiliza cherehani inayotaka kuharibika, na midomo yake ilikuwa inatembea. Jogoo nikammeza pamoja na senene.

Ili mwelewe kilichofuata lazima niseme Mama alikuwa nani kanisani. Mama alikuwa mtu wa sauti ya pili. Sauti ya pili ni ile ambayo ukiisikia vizuri maana yake kuna mtu amekosea. Alikuwa ameiimba tangu kabla sijazaliwa, chini ya sauti ya kwanza ya Ma Evodia, ambaye ndiye aliyekuwa akipewa solo zote, za Krismasi, za Pasaka, za harusi na za mazishi. Hakuna aliyeona ni ajabu. Ma Evodia alikuwa na sauti kama king'ora cha meli na aliijua. Kwa kifupi, sisi hata kanisani tulikuwa wapangaji wake. Lakini nyumbani, cherehani ikienda kasi na Mama akidhani nimelala mchana, nilimsikia akiimba peke yake, na ile haikuwa sauti ya chini ya mtu. Ilipanda ikakaa juu ya mlio wa cherehani na haikutetemeka.

Wiki ile Mama alikuwa anashona mavazi mapya ya kwaya, kwa sababu kulikuwa na tamasha la kwaya linakuja, huko Muleba, kwenye parokia moja karibu na ziwa. Mwalimu Novati, mwalimu wetu wa kwaya, alipita kukagua kola, akamkuta Mama anaimba yale maneno yangu kwa ile tuni. Mwalimu Novati hakuwa na televisheni na alikuwa anajivunia hilo kuliko watu wengine wanavyojivunia kuwa nayo. Alisimama barazani na utepe wa kupimia shingoni mpaka Mama akamaliza. Akauliza ni wimbo wa nani. Mama akamwambia tuni ni ya nje, maneno ameyatafsiri Proje. Nikaitwa. Akaniuliza ni lugha gani, nikajibu ya kwao. Akaniuliza hilo yano mare maana yake nini, na hapo ningeweza kusema sijui, nikawa mtu huru. Nikasema Yano ni Mungu.

Basi Mwalimu Novati akayagawa maneno yangu kuwa beti mbili, akautengenezea wimbo sauti nne, akakiacha kiitikio na lugha yake ili, kama alivyosema, tusiipoteze ladha ya wenyewe, na akaifundisha kwaya kuinamisha kichwa kila ikifika kwenye neno Yano. Nilikuwa nakaa dirishani jioni za mazoezi, naona watu wazima zaidi ya thelathini, wengine na mvi, wanaliinamia neno nililolizua nikiwa nimesimama juu ya ganda la ndizi. Na solo alimpa Mama. Alisema wimbo huu haumtaki mwenye nguvu, unamtaka mtu anayesubiri.

Ma Evodia hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alianza kupunguza sauti ya tivii wimbo wa Amarila ukifika, akiuliza kama kuna mtu ameona mvua ya leo. Sebule yote ikawa inamtazama Amarila akifungua na kufunga mdomo kama samaki. Mama alikuwa anakaa wima kwenye kochi, anakula ndizi zake polepole, na mguu wake peke yake ndio uliokuwa unapiga mapigo ya wimbo chini ya kanga. Nilijaribu kumwambia ukweli. Nilichagua Jumamosi, anapiga pasi, nikaanza kwa mbali, nikasema Mama, kuna watu huwa wanatafsiri vitu bila kuwa na uhakika sana. Akaendelea na pasi. Akaniambia kwamba mara ya mwisho kuimba peke yake mbele ya watu alikuwa darasa la nne, kwa mgeni wa serikali, na mgeni aliondoka kabla hajafika ubeti wa pili kwa sababu gari lilikuwa linamsubiri. Akasema, "Safari hii watakuwa wamekaa." Nikapokea shati lililopigwa pasi, nikalitundika, na ukweli nikaurudisha nilikoutoa.

Siku mbili kabla ya tamasha Ma Evodia aliniita. Aliniweka kwenye kiti, mimi mtu wa mkeka, akaniletea sahani ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, na kipande cha samaki ambacho kwa kawaida kilikuwa cha mgeni wa kiume. Nilijua ni rushwa kwa jinsi kilivyokuwa kikubwa. Akaniacha nile nusu.

"Proje," akasema, "mimi ni kama mama yako. Ile tafsiri una uhakika nayo?"

Nilikuwa nimebanwa vizuri. Nikisema ukweli, ningekuwa nimetubu, na kesho yake Ma Evodia angekuwa kwa Mwalimu Novati na solo ingerudi kwa mwenye nyumba. Nikisema uongo, Mama angekwenda kusimama mbele ya Muleba nzima akiwa amebeba maneno ya mla senene. Nilimaliza samaki kwanza, maana uamuzi wa namna hiyo haufanywi na njaa. Kisha nikamwambia nina uhakika kabisa, waitu, kwa heshima yote ya Kihaya, na kwamba neno kwa neno ni kali zaidi ya hapo, mimi nimelilainisha. Akaichukua sahani yake.

Tulikwenda Muleba kwa Kosta ya kukodi, kwaya imevaa kitenge kipya cha bluu, mimi nimebeba kinanda cha Mwalimu mapajani kama mgonjwa. Kanisa lilikuwa kubwa na lilijaa. Mbele walikaa majaji, mapadri wawili na sista mmoja mwenye miwani. Katikati kwaya zinazosubiri. Na nyuma kabisa walikaa watu wa visiwani, wavuvi na wachuuzi wa dagaa waliokuja na kwaya yao, watu wa kutoka kila upande wa ziwa, wananukia moshi na sabuni ya kufulia. Walikuwa wasikivu kuliko wote. Kila kwaya walipiga makofi. Nikasema moyoni, hawa ndio watakaotuokoa.

Kinanda kikaanza. Kabla Mama hajafungua mdomo nikaona kitu nyuma kule: kichwa kimoja kikainuka, kikamgeukia jirani yake. Halafu vichwa vitatu. Halafu benchi zima. Mama akaimba, Ee Mungu wa asubuhi, mtoto wangu yuko ng'ambo ya maji, na sauti ile niliyokuwa naisikia kupitia ukuta ikapanda hadi kwenye boriti, safi, bila haraka. Nikasikia mtu amecheka. Siyo kwa dharau. Ni kile kicheko cha mtu anayekizuia kwa mkono na kinapita puani. Kwaya ikainamisha vichwa, yano mare, na benchi la nyuma likaanza kutikisika. Mama akaingia ubeti wa pili. Alipofika kwenye neno mlango, mtu mzima mmoja kule nyuma akapiga ukelele mdogo wa uchungu kama aliyekanyagwa, na kicheko kikafunguka, wakacheka wote, wakafutana machozi, wakainamia magoti yao. Sista mwenye miwani akasimama nusu. Mama akanyamaza.

Kidole cha Mwalimu Novati kilikuwa kimeganda juu ya kinanda. Mama alikuwa amesimama hatua moja mbele ya wenzake, na mikono yake, ambayo haijawahi kukosa kazi, ilikuwa inaning'inia. Nikamwona Ma Evodia akivuta pumzi, kile kifua kikapanda, na nikajua: sasa anaichukua. King'ora kinalia, solo inarudi kwa mwenyewe. Akafungua mdomo. Ikatoka sauti ya pili. Ma Evodia, ambaye hakuwa ameiimba maishani, ambaye alikuwa haamini kama ipo, aliiimba chini, kwa kubahatisha, akikosea hapa na pale kwa ujasiri mkubwa, akamtengenezea Mama sakafu. Na Mama akapanda juu yake. Akaurudia mstari wa mlango tangu mwanzo, safari hii akiwatazama wale wa nyuma usoni, kama anayewaambia naweza kuwangoja.

Kicheko kikapungua. Kiitikio kilipofika, watu wa visiwani walikuwa wamesimama, na waliimba nao. Yano mare, yano mare. Walikijua. Kwaya zilizokuwa zinasubiri zilikijua. Watoto walikijua. Hata padri mmoja wa meza ya majaji, nilimwona, midomo ilikuwa inatembea kabla hajaikamata. Kanisa zima la Muleba liliimba kwa sauti nne lugha ambayo hakuna mtu mle ndani aliyekuwa na neno lake hata moja, kwa sababu kila mmoja alikuwa amewahi kukaa mahali fulani saa moja na nusu na kumwona mtumishi akifungiwa mlango.

Tulishika nafasi ya mwisho. Majaji walisema wimbo hauna mtunzi anayefahamika na kwamba nidhamu ya wasikilizaji haikuwa ya kiibada. Tulipokuwa nje tunakunywa soda, akaja mzee mmoja mvuvi, anaitwa mzee Bwire, amebeba sangara aliyemshika matamvua, mkia unaburuzika chini. Akampa Mama mkono, akaomba radhi kwa niaba ya benchi lote. Akaeleza kwamba kule kisiwani Amarila wanaiona kwenye banda la video, imetafsiriwa na DJ, na DJ ametafsiri mpaka wimbo. Mwalimu Novati akauliza kwa heshima kwamba huko kwao wimbo unasemaje. Mzee Bwire akatazama chini. Akasema kwamba huko kwao mwanamke analalamika kwamba amekwenda ziwani kuteka maji, amerudi amekuta sufuria tupu, na, pale penye mlango wetu, anauliza ni nani aliyekula nyama. Na lile neno Yano, akasema, ni jina la shemeji yake, ndiye anayeshukiwa.

Halafu akauliza swali ambalo nilikuwa nalikimbia tangu msimu wa senene. "Ya kwenu naona ni tofauti. Ya kwenu alitafsiri DJ gani?"

Kwaya yote ya Kashai ikanigeukia, pamoja na mavazi yake ya bluu. Nilikuwa na soda mdomoni. Ningeweza kusema DJ wa kisiwani ndiye aliyekosea. Mzee Bwire mwenyewe angenikubalia, alikuwa mtu mpole. Lakini nilimwona Mama ameshika sangara kwa mikono miwili kama mtoto wa kubatizwa, na kwa mara ya kwanza maishani watu wamenyamaza wakisubiri jibu langu na sikuwa na hamu nao. Nikasema sikuijua lugha. Nikasema hakuna programu ya kompyuta. Nikasema hata Yano simjui, anaweza kuwa Mungu, anaweza kuwa shemeji. Mwalimu Novati alikaa juu ya kinanda chake, akainama, sijui kama alikuwa anasali au anakumbuka ni mara ngapi ameinamisha kichwa. Ma Evodia alimwangalia Mama, Mama akamwangalia Ma Evodia, na nikaona pembe ya mdomo wa Ma Evodia inacheza.

Kurudi Bukoba nilikaa siti ya nyuma na sangara. Mama alikaa mbele, karibu na Ma Evodia, na hakugeuka. Nilijaribu kusoma mgongo wake tangu Muleba hadi tunaingia mjini, na sikupata kitu. Ulikuwa mgongo tu, wenye kitenge kilichoshonwa vizuri. Niliandaa utetezi wa aina tatu, mmoja wao una machozi. Tulifika Kashai, Ma Evodia akafungua sebule, akawasha tivii, akaongeza sauti mpaka mwisho ingawa lilikuwa tangazo la sabuni. Mama aliingia chumbani kwetu, akavua viatu vya tamasha, akavipangusa, akavirudisha kwenye boksi lake, akafunga kanga, akatoka uani nilipokuwa nimesimama na samaki. Akamlaza sangara juu ya jiwe la kufulia, akamgeuza ubavu, akampima kwa viganja kama anayepima kitambaa. Ndipo aliposema, na ninaandika kama alivyosema, sijaongeza wala sijatafsiri:

"Kiingereza, ambacho kina mwalimu na kitabu na kamusi, ulipata F. Hiyo lugha nyingine ungeijulia wapi? Nilijua jioni ile ile, Projestus. Lakini Ma Evodia alikuwa analia, Mwalimu alikuwa anatafuta wimbo, na mimi nilikuwa nimechoka na sauti ya pili. Haya, leta kisu, huyu samaki hajiparui mwenyewe."